Nani Mwingine Ameingia?

Tamadur alikuwa mfamasia kwa miaka mingi kabla hajajua kwamba mjini Amman kuna watu wanaojiita malaika. Si wa mbinguni. Ni watu wenye fedha zao wenyewe, wengine wameuza biashara, wengine wamerithi, na hobi yao ni kuzitia fedha hizo katika kampuni changa za teknolojia ambazo benki hazitaki kuzisikia. Wanapewa hisa, wanangoja kampuni ikue. Jina la malaika waliletewa kutoka Marekani, wakalivaa, wakaliona limewakaa sawasawa. Tamadur mwanzoni alilicheka. Ilifika siku likitajwa tu anapata kichefuchefu, na hapo sitii chumvi, kwani alikuwa anakunywa maji ya ndimu ili atulie.

Alizaliwa Karak, kusini mwa Jordan. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi, akalelewa na ami yake Mutlaq, sajini mstaafu, mtu mwenye sharubu nyingi na maneno machache. Ami huyo ndiye aliyemsomesha hadi akafuzu, na siku ya kufuzu alimwambia maneno mawili tu, "Usiwaibie watu," akaenda zake kulisha kondoo. Tamadur akapata kazi katika duka la dawa huko Jabal Hussein, akakaa nyuma ya kaunta mpaka visigino vikapasuka.

Kazi yenyewe ilikuwa nusu kuuza dawa na nusu kusema haipo. Mtu anaingia na cheti cha daktari, anakinyoosha mezani, "Hii ipo?" Haipo. Anatoka juani, anakwenda duka la pili, la tatu, la nne. Siku moja bibi mmoja mgonjwa wa moyo alizunguka mtaa mzima akarudi kwake, si kwa ajili ya dawa tena, ila kuomba maji. Tamadur alipiga simu huku na huku akaikuta dawa ile ile katika mji wa Madaba, imelala kwenye rafu, inakaribia kuharibika. Akamtafuta Iyad, kijana wa mtaani kwao Karak aliyekuwa mwandishi wa programu katika benki, wakatengeneza kitu walichokiita Mawjud, yaani ipo. Wenye maduka wanaandika walicho nacho rafuni, mgonjwa anapiga picha cheti chake, anaambiwa aende wapi. Maduka yalilipa ada ndogo kila mwezi, na yalilipa kwa hiari, maana dawa zilikuwa haziozi tena. Karak wakaipenda, Tafila wakaipenda, hadi Maan huko jangwani wakaipenda. Kilichobaki kilikuwa kuipeleka kaskazini, na hapo panahitaji watu, na watu wanahitaji mishahara.

Ndipo wakaelekezwa kwa malaika.

Mkubwa wao aliitwa Abu Sinan. Aliwahi kuuza kampuni yake kwa watu wa Ghuba zamani, na tangu siku hiyo hakufanya kazi nyingine ila kueleza alivyoiuza. Alikuwa na ofisi mtaa wa Abdali yenye vioo pande zote, na kila robo mwaka aliwaita vijana akawahutubia juu ya kile malaika wanachokitafuta. Tamadur alihudhuria, akaandika kila neno kama anavyoandikiwa mgonjwa vidonge. Tunamtazama mtu kwanza, alisema Abu Sinan, kwa sababu wazo hubadilika ila mtu ni yule yule. Tunatazama kama kuna wateja wanaotoa fedha mfukoni mwao, si marafiki wanaosifia. Tunataka soko kubwa. Tunataka kujua mlango wa kutokea, yaani nani atakuja kuinunua kampuni ili na sisi tutoke na chetu. Na tunataka mwanzilishi anayejitosa mzima mzima.

Maneno mazuri, na wala si ya uongo. Ubaya ni kwamba wale waliokuwa wakiyasema hawakuwa wakiyafuata.

Tamadur alipokwenda kwao mara ya kwanza, mtu waliyemtazama ni yeye, na walichouliza ni kama ameolewa, na kama hajaolewa basi akiolewa itakuwaje. Akajibu kwa adabu. Mara ya pili wakasema soko la Jordan ni dogo kama kikombe, alete mpango wa Iraq. Akauleta. Mara ya tatu wakamuuliza nani atawanunua. Akasema yeye alikuwa anafikiria wagonjwa, hakuwa amefikiria kuuza. Wakacheka, na mmoja wao, tabibu wa meno aitwaye Fawwaz, alicheka huku anachokonoa meno kwa kijiti, sinia la kunafa, kitamu cha jibini, liko mbele yake, shira inamchuruzika kidevuni. Tamadur akauongeza na mlango wa kutokea kwenye mpango wake. Mara ya nne wakaona wateja wanaolipa, wakakosa la kusema, wakasema Iyad bado yuko benki, ana mguu mmoja nje. Iyad akaacha kazi ya benki. Mtu ana mama mgonjwa na wadogo wawili chuoni, akaacha mshahara kwa sababu watu waliokuwa wanakula kunafa walisema ajitose.

Tamadur akaja kuwapa habari hiyo, amevaa suti yake ya pekee. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha Fawwaz, akimwita daktari kama wafamasia wanavyoitwa huko, akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye hotuba yoyote.

"Vizuri sana, daktari. Sasa, nani mwingine ameingia?"

"Hajaingia mtu bado. Wewe utakuwa wa kwanza."

"Ah. Mimi niko tayari kabisa. Abu Sinan akiingia tu, niite."

Akaenda kwa Abu Sinan. Abu Sinan akamwambia anaipenda kampuni, anaipenda mno, ila angependa kuona wenzake wamechangamka kwanza. Akaenda kwa mwenye kiwanda cha sabuni, naye akasema anamngoja Fawwaz. Walikuwa wanazungukana kama watu wanaogopa kuingia kwenye maji baridi, kila mmoja anamsukuma mwenzake, na yeye ndiye aliyekuwa analoa. Wakati huo huo Iyad alipata barua ya kazi kutoka Riyadh. Aliiweka mezani bila kuificha.

"Nitawajibu kabla ya Ramadhani," alisema. "Tukipata fedha nabaki. Tusipopata, Tamadur, mama yangu hawezi kula ndoto."

Ijumaa hiyo Tamadur alikwenda Karak. Walipomaliza mansaf, wali wa nyama ya kondoo kwa mtindi, mikono bado inanuka, Ami Mutlaq akamtazama usoni.

"Unakonda. Nani anakukondesha?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza yote, na teknolojia hakuielewa wala hakujisingizia kuielewa. Alishika jambo moja tu.

"Huyu Abu Sinan ana nyumba?"

"Anayo, Ami. Abdoun."

"Na wewe umekwenda kumwomba wapi?"

"Ofisini kwake."

"Peke yako?"

"Na Iyad."

"Peke yako," alisema mzee, kana kwamba Iyad ni mwavuli. "Ukoo wake nani?"

Tamadur akamtajia ukoo bila kufikiri, kama mtu anavyomtajia mzee jina la daktari wake. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki iliyofuata, yuko kaunta, simu yake ikaanza kuita mfululizo. Binamu yake alikuwa amemtumia video. Ilikuwa ni sebule kubwa yenye mazulia na taa za kuning'inia, na ukutani wamepangana wanaume wa Karak, vilemba vyekundu na majoho meusi, nusu ya ukoo wote. Ami Mutlaq katikati. Mbele yake juu ya meza ndogo kimewekwa kikombe cha kahawa chungu, kimejaa, hakijaguswa. Abu Sinan amekaa mkabala naye, tabasamu limemganda usoni.

"Tumekuja na haja," alisema Ami Mutlaq kwenye video, kwa sauti ya kwenye gwaride. "Kahawa yako nzuri, Mungu akuongezee, lakini hatuinywi mpaka utujibu. Binti yetu amekuomba usimame naye katika kazi yake. Sisi hatujui hisabati zenu. Tunamjua yeye. Tunakuomba uingie."

Mtu yeyote pale Amman angeijua vizuri hali ile. Hivyo ndivyo watu wanavyokwenda kuposa, ndivyo wanavyokwenda kusuluhisha damu. Kikombe kikiwekwa chini mbele ya watu, mwenye nyumba anayekataa haja amejivua nguo. Abu Sinan alitazama kikombe, akatazama zile simu zinazomrekodi, akatazama kikombe tena.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Mmepata mlichokijia."

Wakanywa wote kwa pamoja. Tamadur alikimbilia stoo, akampigia ami yake.

"Ami, umefanya nini? Ile si posa."

"Najua si posa. Posa ningevaa viatu vipya."

"Wale watu huwa wanapima mambo kwanza. Wanatazama wateja, wanatazama hesabu."

"Wamekupima mwaka mzima, wewe ni kondoo wa Idi? Mwanamume ametamka mbele ya watu ishirini, na kahawa tumekunywa. Limekwisha. Nenda kauze dawa."

Aibu ilimwasha masikio siku nzima. Lakini aibu si kitu, aibu mtu huizoea. Kilichomtia kinyaa ni kilichofuata. Kufikia jioni video ilikuwa imeshazunguka mji, na Fawwaz tabibu wa meno akapiga simu mwenyewe, yeye ambaye simu alikuwa hapokei.

"Daktari, hongera. Mbona hukuniambia Abu Sinan ameingia? Niwekee nafasi, usinisahau."

"Nikuletee takwimu za maduka mapya?"

"Za nini? Abu Sinan si ameshatazama."

Abu Sinan hakuwa ametazama chochote. Alikuwa ametazama kikombe. Baada ya Fawwaz akapiga mwenye sabuni, baada ya mwenye sabuni wakapiga wengine ambao Tamadur hakuwahi hata kuwaona, kila mmoja anabisha mlango ule ule kwa sababu mwenzake amebisha. Hakuna aliyeuliza dawa zinapatikanaje. Hakuna aliyeuliza kama kitu chenyewe kinafanya kazi. Mwaka mzima alikuwa amewapikia, wakala kwa sababu walisikia harufu ya jikoni kwa jirani.

Abu Sinan akamwita. Alimkuta anamenya chenza, na maganda anayaweka juu ya karatasi za hesabu ambazo Tamadur alimletea miezi mingi nyuma na ambazo, ni wazi, zilikuwa zimebaki hapo kwa kazi hiyo.

"Ami yako alinibana, binti yangu. Wazee wa Karak hawana mchezo. Haya, nimetoa neno. Unaona watu walivyokuja mbio?"

"Nimeona. Mwanasheria wetu ameniuliza wewe utaweka kiasi gani."

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha fedha."

Akatafuna kwanza. "Jina langu si limeingia? Jina ndilo lililokuletea hao. Mwambie mwanasheria aniandikie hisa zangu kama mshauri. Fedha watatia wenzangu."

"Wenzako wanatia kwa sababu wanadhani na wewe umetia."

"Wameniuliza?"

"Hapana."

"Basi. Mtu mzima asiyeuliza ni shauri lake. Sikiliza, Tamadur. Wewe utapata fedha. Kijana wako hatakwenda Riyadh. Ami yako atabaki na heshima yake, maana sidhani kama ungependa Karak wajue kwamba alifunga safari na ukoo mzima akarudi na kikombe kitupu. Nani anaumia hapo?" Akamkatia kipande cha chenza. "Kula, tamu hii."

Alikipokea, kwani hakulelewa kukataa cha mkononi. Alishuka nacho kwenye lifti kimefumbatwa, kikamvujia hadi kwenye kifundo, na huko nje akakitupa kwenye pipa, akajifuta kwa leso, akajifuta tena.

Iyad alimwambia akubali. "Nusu ya kampuni za mji huu zimeanza hivi hivi. Funga macho, tia sahihi, tufanye kazi yetu. Maduka si ya kweli? Wagonjwa si wa kweli?"

"Ni wa kweli."

"Basi uongo ni mmoja tu, tena si wako."

Tamadur alimfikiria Iyad na mama yake. Alimfikiria zaidi ami yake, aliyekuwa anaisimulia Karak nzima namna Abu Sinan alivyotoa neno, na sasa alikuwa anasimulia hata kwa waliokuwepo. Akamwambia mwanasheria aandae karatasi.

Siku ya sahihi ilipangwa ofisini Abdali, alasiri moja kabla ya Ramadhani. Walikuja wote wamenukia. Alikodiwa mtu wa kumimina kahawa, joho lake lina dhahabu za bandia, anagonga vikombe kla kla kama yuko harusini. Karatasi zimetandazwa, kalamu juu yake. Fawwaz akasimama akasema maneno machache, maana yeye hawezi kuona watu wamekaa asiseme maneno machache.

"Watu hutuuliza sisi tunatafuta nini," alisema. "Soko, sawa. Wateja, sawa. Lakini mimi nasema tunatafuta uaminifu wa mwanzilishi. Huyu binti nilimwamini tangu siku ya kwanza."

Mwenye joho akamfikia Tamadur kwanza, kama mgeni wa heshima, akammiminia. Akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Akakiweka mezani.

Mwenye joho alisimama na birika lake hewani. Yeye alielewa kabla ya wote, na ni wazi hakuwahi kumwona mwanamke akifanya hivyo.

"Nina haja kwa Abu Sinan," alisema Tamadur. "Sinywi mpaka anijibu."

Abu Sinan akacheka. "Kunywa kahawa yako, binti yangu. Umepata ulichokijia."

"Hilo uliwaambia wakubwa wangu, nao wakanywa. Mimi nauliza jingine. Umeweka dinari ngapi?"

"Haya si mambo ya hapa."

"Taja tu, ninywe."

Wote walikuwa na vikombe mkononi. Mwenye sabuni alimtazama Abu Sinan, kisha akakitazama kikombe chake, kisha akamtazama Fawwaz. Fawwaz naye akamtazama yeye. Mwenye sabuni akakiweka chini. Fawwaz alipoona hivyo akakiweka chake haraka, asije akaonekana wa mwisho. Halafu wa tatu, halafu wa nne, macho yanakwenda kushoto na kulia, vikombe vinagusa meza kimoja baada ya kingine.

Mtu angedhani Tamadur alifurahi. La, alichukizwa. Hata ukweli waliuingia vile vile walivyouingia uongo, kwa kumtazama jirani.

"Mimi ni mshauri," alisema Abu Sinan hatimaye. "Sijaweka. Sikusema nitaweka."

Kalamu zikarudi mifukoni. Hakuna aliyegombana na Abu Sinan, hilo msilitarajie. Walimuaga kwa kumbusu mashavu, wakakumbushana futari ya wiki inayofuata. Kwenye korido Fawwaz akamkimbilia Tamadur, akashusha sauti.

"Daktari, ukweli kampuni yako nzuri sana. Ukimpata wa kwanza tu, niite."

Iyad alikwenda Riyadh. Hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuuma. Alimwachia Mawjud ikifanya kazi kule kusini, kwa maduka yale yale yanayolipa ada ile ile ndogo, na Tamadur akaongeza saa kaunta ili aweze kulipa umeme wa mashine zinazoiendesha. Kaskazini watu waliendelea kuzunguka juani na vyeti vyao.

Kilichobaki kilikuwa Karak. Aliahirisha mara mbili, kisha akaona bora mzee asikie kutoka kwake kuliko kwa watu wa sokoni. Alimkuta amekaa kwenye godoro, birika liko makaani. Mzee akammiminia. Tamadur akakishika kikombe, akamweleza yote, chenza, hisa, vikombe, na yale aliyoyasema Abu Sinan mwishoni. Hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

"Nimekuaibisha, Ami. Ningenyamaza, isingejulikana."

Mzee alilisogeza birika kando.

"Hata dinari moja hakuweka?"

"Hata moja."

"Siku ile tulipokwenda, alikuwa anajua haweki?"

"Nadhani alijua."

"Na sisi tulikunywa."

"Mlikunywa, Ami."

Ami Mutlaq akashika goti lake bovu, akasimama, akatoka uani bila fimbo. Tamadur akasikia bomba limefunguliwa. Alipochungulia alimwona mzee ameinama, anajaza maji kiganjani, anasukutua, anatema. Akajaza tena, akasukutua hadi kooni kama mtu anayetawadha, akatema, akajaza tena, sharubu zinachuruzika hadi kifuani, na hakuonyesha dalili ya kuacha. Tamadur akachukua taulo, akasimama mlangoni kumngoja amalize.